Mfupa wa Ishango: hesabu za kale au mpini tu?

Mwaka 2025 ilitimia miaka 75 tangu mfupa mmoja mdogo wenye mikato uchimbuliwe Ishango, pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mashariki ya Kongo. Kama kulikuwa na sherehe, shangwe zake hazikufika huku kwetu. Ajabu, kwa sababu mfupa huo hutajwa karibu kila mahali duniani panapoulizwa binadamu alianza lini kuhesabu.

Aliyeufukua mwaka 1950 ni mwanajiolojia wa Kibelgiji, Jean de Heinzelin. Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na Ishango ilikuwa ndani ya Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Hifadhi ya Virunga. Chini ya majivu ya volkano alikuta mabaki ya kijiji cha wavuvi: mifupa ya samaki na wanyama, zana za mawe, na vyusa vilivyochongwa kwa mfupa. Katikati ya vitu hivyo kulikuwa na mfupa wa kahawia iliyokolea wa sentimita kama 10, mfupi kuliko kalamu ya risasi, uliopachikwa kipande cha jiwe la kwatzi kwenye ncha. Inaelekea kwatzi hiyo ilitumika kuchorea au kuchanjia kitu.

Lakini kilichomkosesha de Heinzelin usingizi si kwatzi bali mikato, iliyopangwa kwa mafungu katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Ya katikati ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumlisha mwenyewe: safu mbili za kwanza zinatoa 60 kila moja, na ya katikati 48.

Mwaka 1962 de Heinzelin aliandika makala katika jarida la Scientific American akasema waziwazi kwamba hayo si mapambo. Katika safu ya katikati aliona kuzidisha kwa mbili: 3 na 6, 4 na 8, kisha 10 na nusu yake, 5. Safu yenye 11, 21, 19 na 9 aliisoma kama 10 na 20 zilizoongezwa moja au kupunguzwa moja. Na ile ya 11, 13, 17 na 19? Hizo ndizo namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20. Akaenda mbali zaidi. Maji ya Semliki huingia Ziwa Albert na kuishia kwenye Nile, basi kwa nini ujuzi wa vyusa na hesabu usifuate njia hiyo hiyo hadi Misri?

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwandishi wa habari Mmarekani, Alexander Marshack, alikuwa akiandika kitabu kuhusu safari ya binadamu kwenda mwezini alipoisoma makala hiyo. Akaukagua mfupa kwa hadubini, akaona mikato haifanani kwa urefu wala kwa namna ilivyokatwa, kana kwamba iliongezwa kidogo kidogo. Hitimisho lake: hii ni kalenda ya mwezi. Ukijumlisha mikato yote unapata 168, ambayo ni karibu miezi sita mwandamo. Baadaye Claudia Zaslavsky, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu hesabu za Waafrika, aliuliza swali lililowaumbua wanaume wote wawili: nani alikuwa na haja ya kuhesabu siku za mwezi kuliko mwanamke anayefuatilia siku zake?

Wapo pia wasiokubali lolote kati ya hayo. Wao husema mikato iliwekwa ili mpini usiteleze mkononi, basi. Binafsi hoja hiyo hainishawishi, kwani mtu anayetaka mpini usioteleza hana sababu ya kupanga mikato yake kwa mafungu. Lakini namba tasa nazo ni kumpa mvuvi yule sifa asizozidai. Ili uzijue lazima kwanza ujue kugawanya, na hakuna ushahidi wa kugawanya Ishango zaidi ya ile 10 na 5. Kuzidisha kwa mbili kunaaminika zaidi. Waandishi wa Misri nao walizidisha hivyo hivyo, kwa kuongeza maradufu.

De Heinzelin aliukadiria umri wa mfupa kuwa kati ya mwaka 9000 na 6500 kabla ya Kristo. Vipimo vya baadaye viliurudisha nyuma hadi kiasi cha miaka 20,000. Upo mkongwe zaidi, mfupa wa nyani wa milima ya Lebombo, kati ya Afrika Kusini na Eswatini, wenye mikato 29. Ila ule umevunjika upande mmoja, kwa hiyo hiyo 29 huenda si hesabu kamili.

Yaliyofuata yanajulikana. Wababeli waliandika hesabu kwenye vibao vya udongo kwa mfumo wa 60, tunaoutumia hadi leo katika dakika na sekunde, na kanuni ya pembetatu mraba waliijua zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras. Misri ilituachia mafunjo ya mwandishi Ahmes, ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, ambayo leo yako London. Kuna swali humo la shamba la duara lenye kipenyo cha 9: ondoa sehemu moja ya tisa, kinachobaki, 8, kizidishe kwa chenyewe, upate 64. Kikokotoo cha leo kitakupa 63.6. Kisha wakaja Wagiriki, Wahindi na sifuri yao, na al-Khwarizmi wa Baghdad.

Mfupa wenyewe uko Brussels, kwenye makumbusho ya sayansi asilia. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua mlango wa kurudisha mali zilizochukuliwa Kongo enzi za ukoloni, na mwaka huo huo Mfalme Philippe aliipelekea Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na kikomo. Mkopo! Mwenye mali anakopeshwa mali yake.

Najua jibu litakalotolewa: Kivu Kaskazini hakuna usalama, mfupa utatunzwa na nani? Hoja hiyo ina uzito kwa Ishango, haina uzito kwa Kinshasa yenye makumbusho ya taifa. Na hata mfupa ukichelewa kurudi, vitabu vya shule havihitaji ruhusa ya Brussels. Wanaoandika vitabu vya hisabati Dodoma, Nairobi, Kampala na Kinshasa waweke picha ya mfupa huu kwenye sura ya kwanza, kabla ya Pythagoras, pamoja na ubishi wake wote, wanafunzi wahesabu mikato wenyewe.