Nani Alizima Taa za Dashibodi? Historia Fupi ya Nissan za Kisii

Leo tuongee kuhusu kitu ambacho kila mtu Kisii amekaa karibu nacho na wachache wamekiangalia vizuri: dashibodi ya Nissan ya zamani.

Siku ukipata kiti cha mbele kwa gari ya Keroka ama Ogembo, angalia dere akizungusha ufunguo. Kwa gari nzima, kabla injini ishike, taa za onyo zinawaka kwanza: betri, oili, breki na wenzao. Hapo gari inakuonyesha kwamba balbu ziko hai. Injini ikishika, zinazima. Kwa gari zetu nyingi za zamani kuna vituko viwili. Ama taa inabaki imewaka safari yote na dere hashtuki, ama haiwaki hata hapo mwanzo. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huenda balbu iliungua na hakuna aliyejali, ama kuna mtu aliitoa makusudi.

Watu hukimbilia kulaumu fundi. Mimi naona tunamwonea. Hizo taa zilizimwa na historia yetu ya usafiri, pole pole, kwa miaka hamsini.

Magari ya kitambo yalikuwa na geji zenye mshale. Miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ikaanza kuweka taa badala ya geji za oili na chaji. Madereva wa huko waliodharau hiyo mambo wakaziita taa za mjinga. Walikuwa na hoja: geji inakuonyesha presha ikishuka kidogo kidogo, lakini taa inakwambia wakati maji tayari yamezidi unga. Ndiyo maana taa nyekundu ya oili haina mjadala. Ikiwaka ukiwa barabarani, unaegesha, unazima injini, unapima oili. Ukiendelea "hadi steji tu", unaweza kuzika injini kabla ufike.

Sasa kuja Kenya. Jina matatu linatokana na nauli ya senti thelathini. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta akaziruhusu zibebe abiria bila leseni ya gari la umma, na biashara ikalipuka. Mfumo wake unaujua: hesabu. Jioni mwenye gari anataka pesa yake, kinachobaki ni cha dere na makanga. Gari ikilala gereji, hakuna hesabu na hakuna unga nyumbani. Kwa mfumo kama huo, taa inayosema "simama" inageuka adui wa kila mtu ndani ya gari. Dere hawezi kuitii bila kujinyima yeye mwenyewe.

Miaka ya 1990 mitumba ya Japan ikamiminika. Nissan Caravan na Toyota HiAce zikatawala hadi tukaita zote Nissan, hata ile yenye nembo ya Toyota. HiAce za dizeli zilikuja na taa moja inaitwa T-BELT. Hiyo haisemi kuna kitu kimeharibika. Ni kalenda: umefika kilomita 100,000, badilisha mkanda wa taiming kabla haujakatika na valvu zigongane na pistoni. Ukishabadilisha, lazima taa irudishwe sufuri. Asiyejua kuirudisha ana njia ya mkato: anatoa balbu. Na asiye na pesa ya mkanda anatumia njia hiyo hiyo. Ukiangalia dashibodi, huwezi kujua ni nani kati ya hao wawili alipita hapo.

Halafu Michuki. Kanuni zake zilitangazwa 2003 na zikaanza kuuma Februari 2004: mikanda ya usalama, mstari wa manjano, gavana ya kilomita 80 kwa saa. Zilihitajika, sibishani. Lakini gavana nayo inataka umeme, kwa hivyo waya za gari zikakatwa na kuungwa upya. Juu yake tukaongeza muziki mzito, skrini na taa za rangi. Waya zikasokotwa kwa mkono na kufungwa kwa tepu. Sasa weka hiyo gari Kisii, mahali panapopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Maji yanaingia kwa viungo, shaba inageuka kijani, na umeme unaanza kutangatanga.

Ndiyo maana gari ya zamani ikiwasha taa nne kwa mpigo, usikimbie kununua sensa nne. Tafuta kitu kimoja ambacho zote zinategemea. Anza na vichwa vya betri: vimekaza? Vina unga mweupe au kijani? Fuata ule waya mweusi unaotoka betri hadi kwenye bodi na injini, uone kama umeshika chuma safi ama kutu. Kagua fyuzi. Kisha chukua mita. Betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma isome kama 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12 na kushuka, altaneta haichaji, na ile taa ya betri ilikuwa inakwambia ukweli wote huo muda.

Na usidhani taa ya betri ni mambo ya redio tu. Kwa HiAce nyingi za dizeli, pampu ya vakyumu inayofanya breki iwe laini imebebwa na altaneta yenyewe. Mkanda unaozungusha altaneta ukikatika, chaji imeenda na pampu imesimama. Unabakiwa na breki laini mara chache, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Fikiria hiyo ikitokea kwa mteremko wa kuelekea Suneka, abiria kumi na wanne ndani, na balbu ya betri ilitolewa mwaka jana.

Mtasema siku hizi kuna skana. Kweli. Toyota za petroli za miaka ya 90 ulikuwa unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Mwaka 1996 Marekani ikalazimisha mfumo mmoja wa soketi na kodi kwa magari yake yote mapya, na leo simu yako na kifaa kidogo cha Bluetooth vinaweza kusoma Probox. Nissan ya dizeli isiyo na kompyuta haina cha kukusomea. Lakini hata kwa Probox, angalia tunachofanya: tunafuta kodi, taa inazima, tunarudi barabarani. Huko ni kutoa balbu tu, sema kidijitali.

Teknolojia imebadilika mara tatu na tabia ni ile ile, kwa sababu hesabu ni ile ile. Kwa hivyo ombi langu naelekeza kwa sacco na wenye magari, kabla ya fundi. Asubuhi pale steji, kabla ya abiria wa kwanza, ufunguo uzungushwe na mtu wa sacco aangalie: zimewaka? Zimezima? Ni sekunde kumi. Gari ambayo taa yake haifanyi hivyo ipelekwe gereji, na siku hiyo dere asidaiwe hesabu. Bila hiyo sehemu ya mwisho, balbu zitaendelea kutolewa.