Sekunde 42 juu ya ubao wa taa

Bandugu, mimi nilisoma agronomia, paka udongo na muhindi, lakini hii historia inanigusa.

Mwaka 1987, pale Times Square, New York, kulikuwa ubao mkubwa wa taa wa matangazo ya biashara. Msanii Alfredo Jaar, mzaliwa wa Chile, akapitisha humo picha zake zenye kutembea, sekunde 42. Aliweka ramani ya Marekani, akaandika kwamba hii siyo Amerika. Mwishoni, herufi R ya AMERICA ikageuka bara lote, kaskazini na kusini. Juu ya nini? Nchi moja ilijitwalia jina la wote.

Siye wa Lubumbashi tunaelewa: mpaka 1966 mji wetu uliitwa Elisabethville. Leo mbao zetu zinauza bia na mega za simu. Wakitupatia sekunde 42, tutaandika nini?