Kuupima Upepo: Habari za Satelaiti ya Uhuru

Katika vikundi vyetu vya Biblia huku pembezoni mwa Dar es Salaam, Mbagala na Yombo upande wa Temeke, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, maswali ya mbingu hayaishi. Kijana amesoma kwamba sehemu kubwa ya uzito wa ulimwengu haionekani, na mzee anamjibu upesi: hapo wasipopaona wanasayansi ndipo alipo Mungu. Jibu hilo huitikiwa kwa "Amina" nyingi. Sisi tunaona lina hatari, na historia ya jambo lenyewe, ambayo sehemu yake ilitendeka katika pwani yetu hii ya Waswahili, inaonyesha kwa nini.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alichunguza kundi la galaksi liitwalo Coma. Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota pamoja na gesi na vumbi. Jua letu ni nyota moja tu ndani ya galaksi yetu, ile inayoonekana kama ukanda mweupe angani usiku umeme unapokatika mtaa mzima. Zwicky alitaka kujua galaksi za Coma zinakwenda kwa kasi gani. Namna ya kupima inafanana na honi ya treni ya TAZARA: ikija, sauti huwa nyembamba; ikishatupita, huwa nzito. Nuru nayo ina tabia hiyo. Kitu kinachotujia, nuru yake huelekea buluu. Kinachotukimbia, huelekea nyekundu. Akakuta kasi ni kubwa mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, kundi lile lingekuwa limetawanyika zamani. Lazima ulikuwapo uzito mwingine unaolishika. Kwa miaka mingi wachache walimsikiliza (ulimi wake mkali haukumsaidia).

Sasa twende Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Malindi. Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na kuanzia 1967 wakarusha roketi kutoka pale. Mahali pale ni karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo mkubwa kuliko penginepo. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya Marekani, ya kilo 140 hivi, ilipaa kutoka jukwaa la San Marco. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, ndiyo sababu mama Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo NASA, akaipa satelaiti jina la Uhuru. Tangu hapo neno letu limo katika vitabu vya fizikia duniani kote. Oktoba ya mwaka uleule ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa. Reli kila mtu anaijua. Satelaiti ni wachache mno kati yetu waliowahi kuisikia.

Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei kutoka angani. Eksirei ya hospitali hupenya mwili, lakini zile zitokazo mbinguni huzuiwa na hewa yetu, na tushukuru kwa hilo. Kwa hiyo chombo cha kuzipima lazima kipande juu ya hewa. Hadi Machi 1973 Uhuru ilikuwa ikifanya kazi, na orodha yake ya mwisho ilitaja vyanzo 339. Riccardo Giacconi, kiongozi wa watafiti wake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwetu linalohusika ni hili: makundi ya galaksi, Coma likiwamo, yalikuwa yanatoa eksirei, tena zilitoka hata katika nafasi iliyo kati ya galaksi. Palipodhaniwa patupu palikuwa na kitu.

Kitu gani? Wakabishana. Wengine walisema ni gesi ya moto; wengine wakasema ni elektroni ziendazo kasi na kuisukuma nuru dhaifu. Tarehe 15 Oktoba 1974 Waingereza walirusha satelaiti yao Ariel V kutoka Ngomeni palepale, na mwaka 1976 watafiti wake wakatangaza kwamba wameona alama ya chuma katika eksirei za kundi la Perseus. Chuma kikiwa katika gesi ya joto kali huacha alama yake, isiyofanana na ya kitu kingine. Ubishi ukapungua sana: ni gesi. Joto lake ni nyuzi milioni 10 hadi 100, nayo ni nyepesi kupita kiasi, mita moja ya ujazo ikiwa na chembe elfu moja hivi tu. Lakini nafasi yenyewe ni kubwa mno, hata gesi hiyo yote ikijumlishwa inazishinda nyota za kundi kwa uzito mara kadhaa. Na chuma kile kilipikwa ndani ya nyota zilizokwisha kufa, sawa na chuma kilichomo katika damu yetu.

Gesi hiyo ndiyo iliyowapa wanasayansi mizani. Joto ni mwendo wa chembe, na chembe ziendazo kasi hutaka kutoroka kama mvuke wa sufuria. Zisipotoroka, kuna mfuniko, na mfuniko huo ni uvutano. Ukijua joto la gesi na jinsi ilivyotandazwa, unapata uzito wa vyote vinavyoizuia. Hesabu ikatoka hivi: nyota na gesi kwa pamoja ni karibu sehemu moja kati ya sita. Tano zilizobaki bado hazijaonekana.

Basi turudi kwa mzee wetu. Kama mhubiri wa mwaka 1950 angesema kwamba uzito uliokosekana katika Coma ndio mkono wa Mungu, Uhuru ingemnyang'anya sehemu ya mkono huo na kuonyesha gesi. Kijana aliyefundishwa kumwona Mungu penye mashimo ya elimu atafanya nini shimo likizibwa? Ayubu sura ya 28 inamtaja Mungu kuwa ndiye aliyeupa upepo uzito. Aliyeupa uzito hapungui kitu upepo unapopimwa.

Na vipimo vimekwenda mbali zaidi. Mwaka 2020 kundi la watafiti likiongozwa na Marcel Neeleman lilitumia darubini za redio za ALMA, nchini Chile, kupima gesi ya galaksi ambayo nuru yake ilianza safari ulimwengu ukiwa na miaka bilioni 1.5 hivi, kati ya bilioni 13.8 za leo. Gesi hiyo ilikuwa inazunguka kama sahani, kilomita 272 kwa sekunde, na uzito wa galaksi ukakadiriwa kuwa mara bilioni 70 hivi ya Jua. Wengi walitarajia kwamba galaksi kubwa za mapema namna hiyo zingekuwa bado vurugu, zikigongana na kumwagikiwa na gesi ya moto. Kijana akituuliza iliwezaje kutulia mapema hivyo, tutamwambia walivyopendekeza watafiti, kwamba huenda ilikuzwa na gesi baridi iliyoingia mfululizo, na kwamba bado wanapima.