Amu: Jinsi ya kuchagua hifadhi salama ya data nyumbani na katika ofisi ndogo

KUMBUKUMBU ambazo zamani ziliwekwa ndani ya makasha ya mbao na mafaili ya karatasi, leo zimo katika kompyuta na simu. Picha za harusi, hesabu za duka na orodha ya wageni wa nyumba ya kulala zaweza kutoweka kwa dakika moja diski inapoharibika, kompyuta inapoibwa au moto unapozuka. Kifaa kikifa hununuliwa kingine. Kilichokuwamo ndani hakinunuliki.

Mji wa Amu una funzo lake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, miswada ya kale ya Kiarabu inayotunzwa katika Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Miswada yenyewe ilibaki Amu, na nakala za picha zikawekwa London.

Hata hivyo, Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia maktaba hiyo, na mikusanyo yake ya kidijitali ikawa haifikiki mtandaoni kwa miezi kadhaa. Ni dhahiri kwamba hata taasisi kubwa haifai kuwa tegemeo la pekee.

Kanuni inayofuatwa na wengi ilienezwa na mpigapicha Mmarekani, Peter Krogh: uwe na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine.

Je, ni kifaa kipi kinachofaa?

Diski ngumu ya nje ndiyo nafuu zaidi kwa data nyingi. Terabaiti moja hubeba picha zipatazo 250,000 za megabaiti nne kila moja. Udhaifu wake ni kwamba ina sehemu zinazozunguka, hivyo huharibika kwa urahisi ikianguka.

Diski ya SSD haina sehemu zinazozunguka, ni ya kasi na hustahimili mtikisiko wa safari ya mashua. Lakini, sawa na flashi, hushikilia data kwa chaji ya umeme, na haifai kufungiwa kabatini miaka mingi bila kuunganishwa na kompyuta. Flashi yenyewe itumiwe kusafirishia faili tu.

Sahani ya CD huchukua megabaiti 700 na DVD ya kawaida gigabaiti 4.7. Hizi huathiriwa na joto na mwangaza, na kompyuta nyingi mpya hazina tundu la kuzisomea. Aliye na picha katika sahani hizo azihamishe mapema.

Hifadhi ya mtandaoni ndiyo njia rahisi ya kupata nakala iliyo mbali, ila hutegemea kasi ya intaneti. Kupandisha gigabaiti 100 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua takriban saa 44. Anza na faili muhimu. Kumbuka pia kwamba baadhi ya huduma hizo hulinganisha faili tu: ukifuta kwenye kompyuta, hufutika na huko.

Kwa asiye na intaneti ya kutosha, nakala ya tatu yaweza kukaa kwa jamaa aliye Mokowe au Mombasa, na kubadilishwa kila anaposafiri mtu.

Kisiwani, hewa ya chumvi na unyevu huleta kutu kwenye vyuma vya kuunganishia. Weka diski katika kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu. Ukimaliza kunakili, ichomoe diski: iliyochomolewa haifikiwi na virusi wala na umeme unaopanda ghafla.

Ofisi inayotunza nakala za vitambulisho au pasipoti za wateja ina wajibu wa kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Diski yenye taarifa hizo ifungwe kwa nywila, nayo nywila isiandikwe juu yake.

Mwisho, teua siku moja ya juma ya kunakili, na kila baada ya miezi michache jaribu kufungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Tahadhari kabla ya hatari.