Uzito Unaorejea: Historia ya Upasuaji wa Unene

Katika habari za utabibu wa karne ya 20 imo sura moja ambayo aghalabu husimuliwa kwa furaha ya ushindi, nayo ni sura ya wapasuaji waliothubutu kuukata na kuuunga upya utumbo wa mtu asiye na donda wala uvimbe tumboni, kwa sababu tu unene wake umekuwa maradhi yanayomnyima pumzi, usingizi na miaka ya uhai. Ushindi huo ni wa kweli, wala sina nia ya kuutweza. Lakini anayeisoma sura hiyo kwa utulivu, tangu Minneapolis ya mwaka 1953 hadi hospitali za siku zetu, zikiwamo za Nairobi na Dar es Salaam ambako kazi hii nayo imekwisha fika, atatambua kwamba upasuaji mpya ulizaliwa mara kwa mara na kasoro ya ule uliotangulia, na kwamba kasoro iliyowasumbua wapasuaji kuliko zote, baada ya kuwazuia wagonjwa wao wasife, ilikuwa moja: uzito uliondoka, kisha miaka ikapita, kisha ukarejea.

Ajabu ni kwamba dalili ya jambo hilo ilikwisha onekana katika mji huo huo wa Minneapolis kabla ya kisu kushikwa. Mwezi wa Novemba 1944, vita vikiwa bado vinaunguruma Ulaya, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa ajili ya imani zao, akawaweka katika vyumba vilivyokuwa chini ya viti vya uwanja wa mpira wa chuo, ili ajue namna bora ya kuwarudishia afya watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Kwa muda wa majuma 24 vijana hao walilishwa viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi, kwa kipimo kilichopungukiwa sana na haja ya miili yao, hata wakapoteza takriban robo ya uzito waliokuja nao. Walilamba sahani baada ya kula. Walisoma vitabu vya mapishi kwa shauku ambayo wenzao waliiweka katika riwaya. Na miili yao, kana kwamba imepokea amri ya siri, ikapunguza matumizi ya nguvu kupita ilivyotazamiwa. Walipofunguliwa mlango wa kula watakavyo, walikula wasishibe, na mafuta ya mwili yakarejea hata yakavuka kiasi cha mwanzo. Hawa walikuwa vijana wembamba, wenye siha na azma, ambao hakuna mtu aliyewatuhumu ulafi kabla ya siku ile, na habari zao Keys alizipiga chapa mwaka 1950 katika mabuku mawili makubwa. Mwili, mintarafu ya uzito, una hifadhi yake na hudai deni lake. Na mimi naamini kwamba laiti mabuku hayo yangesomwa na wapasuaji kwa makini yaliyostahili, maelfu ya wagonjwa waliofuata wangeepushwa na fedheha isiyokuwa haki yao.

Miaka 3 baadaye, katika chuo hicho hicho, Richard Varco aliunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake, akiiacha sehemu kubwa ya katikati bila chakula kupita, ili kinacholiwa kisipate nafasi ya kusharabiwa. Mwaka 1954 wenzake Kremen, Linner na Nelson walitangaza majaribio yao ya namna hiyo juu ya mbwa. Kule Los Angeles, kuanzia mwaka 1956, Payne na DeWind walithubutu zaidi, wakaupeleka utumbo mwembamba moja kwa moja katika utumbo mpana, kwa kusudi la kuwaondolea wagonjwa unene upesi na kisha kuwarudishia matumbo yao kama yalivyoumbwa. Wagonjwa walikonda kweli, lakini walihara mchana na usiku, chumvi za damu zikavurugika, ini likadhoofika. Na walipopasuliwa tena ili njia ya asili irudishwe, unene nao ukarudi. Tumaini la kwamba mwili ukishakondeshwa mara moja utaridhika na kukaa hapo lilivunjika tangu jaribio la awali, na ni jambo la kusikitisha kwamba tumaini hilo hilo limeendelea kuuzwa kwa majina mengine hata leo.

Mwaka 1969 wataalamu hao wawili walileta kipimo chao mashuhuri, inchi 14 za mwanzo wa utumbo mwembamba zikiungwa na inchi 4 za mwisho, yaani sentimita 45 tu zilizobaki zikifanya kazi ya mita kadhaa. Hata hapo mwili haukusalimu amri. Kipande kile kifupi kilinenepa na kurefuka, kuta zake za ndani zikaongeza uso wa kunyonya chakula, na kwa baadhi ya wagonjwa chakula kikarudi kinyumenyume katika sehemu iliyoachwa, uzito ukaanza kupanda. Wapasuaji wengine wakabadili namna ya kuunga ili kuizuia njia hiyo; lakini mawe ya figo, maumivu ya viungo na maradhi ya ini, ambayo kwa baadhi yao yalikuwa ya mauti, yaliifanya kazi hiyo iachwe karibu kabisa ilipofika miaka ya 1980.

Mtu ambaye historia hii inamdai heshima kubwa kuliko wengine ni Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki Desemba 2020 akiwa ametimiza miaka 100. Alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya tumbo la chakula kwa sababu ya vidonda hawakunenepa kwa urahisi, na mwaka 1966, pamoja na Chikashi Ito, aliligawa tumbo la mgonjwa mnene, akabakisha mfuko mdogo juu na kuuunga na utumbo, chakula kisipite tena katika sehemu kubwa iliyobaki. Kisha, akitafuta njia iliyo salama na nyepesi zaidi, mwaka 1971 yeye na Printen walijaribu kulibana tumbo kwa upana bila kuugusa utumbo; mfuko wa juu ukatanuka, tundu likapanuka, uzito ukarejea. Mason hakuificha habari hiyo. Alirudi mezani, akachunguza ukuta upi wa tumbo hautanuki upesi, akaona ni ule mnene wa upande wa ndani, na mwaka 1980 akautengeneza mfuko wake kwa wima kuufuata ukuta huo, akaupima kwa maji ya chumvi yaliyomiminwa kwa mpira ili usizidi mililita chache, na mlangoni pake akashona ukanda wa wavu wa plastiki wenye mzingo wa sentimita 5 hivi, ili tundu lisiweze kupanuka tena. Ukanda huo ulikuwa jibu la fundi mwaminifu kwa swali la uzito unaorejea.

Wakati huo vyombo vya kubania nyama kwa pini za chuma vilikuwa vimekwisha enea Marekani, baada ya Mark Ravitch kuviona Kiev mwaka 1958. Na mwaka 1977 John Alden wa Minnesota alizitumia pini hizo kulitenga tumbo bila kulikata. Kazi ikawa ya haraka na salama zaidi, lakini katika baadhi ya wagonjwa mstari wa pini ulifumuka baada ya miezi au miaka, chakula kikarudi njia yake ya zamani, na mgonjwa akarudi kliniki mnene akiwa ameinamisha kichwa, asijue kwamba kilichofumuka ni chuma, si ahadi yake. Wapasuaji wakajifunza kulikata tumbo kabisa na kuzitenganisha pande mbili.

Nao ukanda wa Mason, pamoja na uhodari wake wote, uliweza kuzuia nyama na mkate lakini haukuweza kuzuia maziwa matamu, aiskrimu na soda, vinavyoteleza katika tundu lolote. Mwaka 1987 Harvey Sugerman na wenzake kule Richmond, Virginia, walionyesha kwamba waliopenda vitu vitamu walifaidika kidogo sana na upasuaji huo kuliko na ule wa kuunga utumbo, na mwaka 2000 madaktari wa Mayo Clinic walitangaza kwamba baada ya miaka 10 ni takriban robo tu ya wagonjwa wao waliobakia wamepoteza walau nusu ya uzito wao wa ziada. Hapo lawama iliwaangukia walaji. Ilisemwa kwamba wameudanganya upasuaji, na katika faili nyingi waliandikwa kuwa wasiotii. Siwezi kuikubali hukumu hiyo. Mtu ambaye nyama humkwama kifuani na kumtapisha, ilhali njaa yake haijapungua, atakimbilia kile kinachopita. Na anayemlaumu kwa hilo anamlaumu kwa kuwa hai.

Ushahidi wa kuwatetea ulikuja taratibu kutoka pande nyingine. Mwaka 1999 Wajapani Kojima na Kangawa waligundua homoni itokayo tumboni inayoamsha hamu ya kula, ghrelini, na mwaka 2002 Cummings na wenzake kule Seattle wakaonyesha kwamba homoni hiyo hupanda kwa watu waliokonda kwa kujinyima chakula, kana kwamba tumbo linaulilia uzito uliopotea, ilhali ilikuwa chini sana kwa waliounganishwa utumbo kwa njia iliyotokana na ile ya Mason. Mambo ya uwanja wa Minneapolis yalikuwa yamepata jina na kipimo. Siku hizo hizo upasuaji mwingine ulipata umaarufu, ule wa kulikata tumbo na kulibakisha mfano wa mkono wa kanzu, ambao huondoa sehemu itoayo ghrelini kwa wingi. Nao pia, kwa hesabu ya Himpens na wenzake wa Ubelgiji iliyotoka mwaka 2010, uliwapunguzia wagonjwa takriban asilimia 77 ya uzito wa ziada katika mwaka wa 3, ikabaki asilimia 53 baada ya mwaka wa 6. Leo tabibu mwenye insafu, akirudiwa na mgonjwa wa namna hiyo, huuchunguza mfuko na mishono, huuliza habari za dawa anazotumia, mimba, pombe na huzuni, na huweza kumwandikia sindano mpya za kutuliza njaa, kama ambavyo angemwongezea dawa mwenye shinikizo la damu bila kumkemea.

Hesabu ndefu kuliko zote imewekwa na Waswidi, ambao kuanzia mwaka 1987, chini ya Lars Sjöström, waliwaandikisha watu 2010 waliopasuliwa na wengine 2037 wanene kama wao wasiopasuliwa. Waliounganishwa utumbo walipungua asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili, ikawa 25 baada ya miaka 10. Wenye mfuko wa wima wa Mason walitoka 25 hadi 16. Wote walirudisha kiasi. Lakini ilipofika mwaka 2020, hesabu ya vifo ilionyesha kwamba waliopasuliwa waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao wasiopasuliwa, ingawa walipungukiwa miaka 5 na nusu na watu wa kawaida wa Uswidi. Na wengi wa hao walioongezewa miaka 3, zaidi ya nusu yao, walikuwa wamefanyiwa upasuaji ule ule wa ukanda wa Mason, ambao wapasuaji walikuwa wamekwisha uacha kwa sababu uzito hurejea.