Kitambi Si Urithi Wetu

Kwa miaka mingi tumekisifu kitambi. Mtu akinenepa tunasema mambo yake yamemnyookea; akipungua tunamwuliza kulikoni. Tena shinikizo la damu na kisukari tumeviita magonjwa ya wakubwa. Leo tuipime sifa hiyo kwa historia.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha habari za watu wapatao 1,000 aliowapima shinikizo la damu huko Kavirondo Kusini, magharibi ya Kenya. Ulaya ilijulikana kwamba shinikizo hupanda kadiri umri unavyokwenda. Kavirondo halikupanda hivyo. Wazee hawakuwazidi vijana.

Upande wa Tanzania, Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walitafuta kisukari katika vijiji sita, wakapima watu wazima zaidi ya 6,000. Matokeo yalitoka mwaka 1989: wenye ugonjwa hawakufika mmoja katika kila mia.

Basi nini kilitokea? Mwaka 1990 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowafuatilia Waluo waliohama vijijini kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Haikuchukua miaka. Katika miezi ya mwanzo tu shinikizo la wahamiaji lilikuwa limewapita wa kijijini, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi zaidi na potasiamu kidogo, ile ipatikanayo kwenye mboga na matunda. Kabila lile lile, damu ile ile. Kilichobadilika ni sahani na mwenendo wa maisha.

Wataalamu wa nje nao walikuwa wakiunganisha vipande. Mwaka 1947 Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, alieleza kwamba mafuta yanayojaa sehemu ya juu ya mwili ni ya hatari kuliko yale ya nyonga na mapaja. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Marekani alionyesha kwamba shinikizo, sukari na mafuta mabaya ya damu huandamana, na kwamba chanzo kimojawapo ni mwili kutoitikia insulini ipasavyo. Yaani maradhi haya ni ndugu. Ukimwona mmoja, watafute wengine.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban robo yao wana shinikizo la juu, na takriban tisa katika kila mia wana kisukari. Vipimo vya zamani na vya sasa havifanani kabisa, lakini njia tuliyoishika inaonekana.

Ndiyo maana si haki kusema magonjwa haya ni majaliwa, wala kwamba ni ya wakubwa peke yao. Karani anayeketi kutwa, dereva wa daladala na mama lishe wote wamo. Yalikuja na namna ya kuishi, na namna ya kuishi hubadilishwa: nyumbani kwa kupunguza chumvi, soda na mafuta, mjini kwa halmashauri kuacha njia za waenda kwa miguu na viwanja vya michezo bila kuvigawa.

Hayasubiri maumivu ndipo yaharibu figo, macho na moyo. Wiki hii pita zahanati upimwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.