Ndoa Mbele ya Wanandoa Wenzao

Sigmund Freud alimsikiliza mgonjwa mmoja mmoja, mlango umefungwa. Ndugu na jamaa aliwaona kuwa hatari kwa tiba. Hivyo mke au mume wa mgonjwa alibaki nje, hata pale maradhi yalipozaliwa ndani ya ndoa yenyewe.

Mlango huo ulifunguliwa na Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilikuwa na askari wengi waliovurugika akili na madaktari wachache wa kuwatibu. Katika hospitali ya kijeshi ya Northfield, Birmingham, daktari Wilfred Bion alianza kuwatibu kwa vikundi. Jaribio lake likakatizwa baada ya wiki sita tu. S. H. Foulkes, daktari Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1933, alifika Northfield mwaka 1943 na kuiendeleza kazi hiyo kwa subira. Kwake yeye, mtu hujitambua kupitia wenzake, na wanakikundi hutibiana wao kwa wao.

Kisha askari wakarudi nyumbani, kwa wake ambao walikuwa wameishi miaka bila wao. Talaka za England na Wales, zilizokuwa kama 6,000 mwaka 1938, zilifika takribani 60,000 mwaka 1947. Mwaka uliofuata Enid Balint alianzisha London huduma ya ushauri wa ndoa iliyoshirikiana na wataalamu wa kliniki ya Tavistock. Katika kliniki hiyo, Henry Dicks alichunguza ndoa zenye migogoro, na mwaka 1967 akachapisha kitabu kizito juu yazo. Hoja yake kuu naiona ya kweli mno: mara nyingi tunamchagua mwenza atubebee kile tusichotaka kukiona ndani yetu. Mwanamume anayejivunia upole huoa mwanamke mkali, kisha humlaumu miaka nenda rudi kwa hasira ambayo nusu yake ni ya kwake mwenyewe.

Wanandoa wakiwa wawili tu, ni vigumu kulibaini jambo hilo. Robin Skynner, aliyefunzwa na Foulkes, aliwaketisha wanandoa kadhaa pamoja, yeye na mkewe Prue wakiongoza. Katika vikundi vya aina hii, neno ambalo mke halisikii likitoka kwa mumewe hulisikia likisemwa na mume wa mwingine, tena bila kujihami. Mume naye hutazama wengine wakigombana, akautambua ugomvi wa nyumbani kwake. Mwigizaji John Cleese alipitia kikundi cha Skynner, na mwaka 1983 wawili hao wakatoa pamoja kitabu kuhusu familia.